Uzazi bure nani analipia? Kisa cha P4P kwenye zahanati za Bagamoyo

Zahanati ya kijiji ikitimiza malengo yake yote ndani ya miezi sita ilikuwa inaweza kupata mpaka dola 820, kwa shilingi za wakati ule ni kama milioni moja na laki tatu hivi. Kituo cha afya mpaka dola 3,220, hospitali mpaka dola 6,790. Huo ndo ulikuwa mpango wa Malipo kwa Ufanisi, wengi mnaujua kwa jina la P4P, ulioanza mkoa wa Pwani mwaka 2011 kwa hela za Norway, na Bagamoyo tulikuwemo pamoja na Kibaha, Kisarawe, Mkuranga, Mafia na Rufiji.

Naandika sasa kwasababu kila kona watu wanaongelea bima ya afya kwa wote, sheria ilishapita bungeni Novemba 2023, na mjadala wote umebaki kwenye michango, kaya italipa ngapi, nani atakatwa, nani atasamehewa. Upande wa pili wa hela hakuna anayeugusa. Ikishakusanywa inafikaje kwenye dirisha la dawa la zahanati ya kijijini, nani anamlipa nani, kwa huduma ipi, kwa bei ipi, na lini. Pwani tulishalijaribu hilo na matokeo yakapimwa vizuri tu, kwahiyo sioni sababu ya kuanza upya kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati moja huku vijijini, upande wa barabara ya kwenda Msata, kijiji sitakitaja maana wahusika wengine bado wapo kazini na ni watu waliojitolea sana.

Kwanza muelewe zahanati ilikuwa inalipwaje kabla ya huo mpango, maana bila hapo hamtaona P4P ilibadilisha nini. Mishahara ya watumishi inatoka Hazina inaingia kwenye akaunti zao, haipiti kijijini. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, MSD, na kila zahanati ina akaunti yake kule ila ni akaunti ambayo hela yake huishiki, serikali inaingiza, wewe unajaza fomu ya maombi kila robo mwaka unasubiri mzigo, na MSD wakiwa hawana ulichoomba fomu inarudi imeandikwa hakuna na salio lako linabaki hukohuko. Hela za mfuko wa pamoja wa wahisani zilikuwa zinaishia halmashauri, DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, ndo anapanga. Kilichokuwa kinabaki mikononi mwa zahanati yenyewe ni papo kwa papo, ile ya mgonjwa kuchangia iliyoanza mwaka 1993, pamoja na michango ya CHF, mfuko wa afya ya jamii, ya wachache waliojiunga.

Sasa angalia ni nani anayekaa kwenye benchi la zahanati. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee, wagonjwa wa TB, wanaotumia dawa za Ukimwi. Karibu wote hao wana msamaha, sera inasema watibiwe bure, na mimi naiunga mkono hiyo sera kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba sera ilisema mgonjwa asilipe, haikusema nani amlipie. Mama akijifungua pale, zahanati imetumia glovu, pamba, uzi, sindano ya kuzuia damu, usiku mzima wa nesi, na hakuna senti inayorudi kuziba hilo pengo. Yaani kadri unavyohudumia watu wengi wenye msamaha ndo kadri kabati linavyoisha haraka, na mwenye kuhudumia wachache anabaki na vifaa. Ni mfumo unaomwadhibu nesi anayefanya kazi vizuri.

Matokeo yake mnayajua. Mama anafika na uchungu usiku, kaletwa na bodaboda, nesi anapokea kwa adabu kabisa alafu anauliza,

"Mama, glovu umekuja nazo?"

"Sina sista, kliniki niliambiwa kujifungua ni bure."

"Ni bure mama yangu, ila zimetuishia. Mwambie baba aende duka la dawa pale senta, mgongee huyo mwenye duka ataamka."

Baba anaenda anagonga, anarudi na glovu na pamba na nyembe na deni. Mtoto wa pili akija, huyo mama anahesabu. Mkunga wa jadi yupo nyumba ya tatu, anapokea kuku au kanga, na anakubali kudaiwa. Watu wanasema akina mama wa vijijini hawana elimu ndo maana wanajifungulia nyumbani, mimi kwenye kamati niliona akina mama wanaopiga hesabu sahihi kabisa kwa taarifa walizonazo.

Basi P4P ikaja na wazo tofauti, kwamba serikali na mfadhili hawatoi tu vifaa wakaondoka, wananunua matokeo. Viliwekwa vipimo kadhaa: akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, wangapi wamerudi kuangaliwa ndani ya siku saba, wajawazito wangapi wamemeza mara mbili SP, dawa ya kukinga malaria, watoto wangapi wamepata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta na chanjo ya surua, uzazi wa mpango, taarifa za mwezi zimejazwa vizuri au la. Kila kituo kinapewa lengo kutokana na kilikoanzia, baada ya miezi sita takwimu zinahakikiwa, unalipwa. Ukifikia lengo asilimia 100 unapata kiasi chote cha kipimo hicho, ukiwa kati ya 75 na 99 unapata nusu, chini ya 75 hupati kitu. Kwa zahanati na vituo vya afya robo tatu ya malipo ni bonasi ya watumishi na robo inabaki kwa ajili ya kituo. Hospitalini bonasi ilikuwa asilimia 90. Kwa mtumishi ikitimia yote ilikuwa kama asilimia 10 juu ya mshahara wake.

Hapo kwa mara ya kwanza mama mwenye msamaha akawa na mtu anayemlipia. Hili ndo jambo kubwa la huo mpango kwa maoni yangu, kubwa kuliko hiyo bonasi ambayo kila mtu aliibishania.

Na ilibishaniwa kweli. Kikao cha kamati cha kugawa mgao wa kwanza, ambao ulichelewa mno mpaka manesi walishaanza kusema tumedanganywa, mzee mmoja mjumbe mwenzetu aliuliza kwanini watumishi wachukue robo tatu wakati wajukuu zake wanazaliwa kwa glovu za kununua. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, mwongozo umekuja hivo, hatukuupanga sisi." Nilikaa nikapiga hesabu kwenye daftari. Tuseme zahanati imepata kiasi chote, dola 820, robo yake ni dola 205, kama laki tatu na ishirini elfu za wakati ule, gawanya kwa miezi sita inabaki elfu hamsini na kitu kwa mwezi. Na hiyo ni ukipata yote, sisi hatukupata yote. Ndo hela ambayo kwa mara ya kwanza kamati ilikuwa na uwezo wa kuipangia matumizi kwa ajili ya akina mama bila kusubiri halmashauri.

Tulinunua nini? Maboksi ya glovu, na ndoo mbili zenye koki pamoja na vikombe. Mtu wa nje atashangaa ndoo. SP ni vidonge vitatu na mjamzito anatakiwa amezee palepale kliniki nesi akiona, asipewe aende navyo nyumbani, sasa zahanati haina maji ya kunywa wala kikombe, unamezaje? Akina mama walikuwa wanafunga vidonge kwenye kona ya kanga wanaondoka navyo na nesi anaandika amemeza. Baada ya ndoo, wakawa wanameza kweli. Kitu kidogo hivo, hakimo kwenye orodha ya MSD, hakuna bajeti ya wilaya itakayokikumbuka, ila aliyepo pale anakijua.

Mpango ulifanyiwa tathmini na Ifakara Health Institute pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine na Chr. Michelsen Institute ya Norway. Walilinganisha vituo 75 vya Pwani na vituo 75 vya wilaya ambazo hazikuwa na mpango, za Morogoro na Kilwa, na wakawahoji akina mama waliojifungua ndani ya mwaka. Matokeo yalitoka 2015. Kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa pointi 8.2 za asilimia zaidi ya kule kusiko na mpango, na SP kwa wajawazito pointi 10.3. Uwezekano wa mama kulipa hela mfukoni wakati wa kujifungua ulipungua, upatikanaji wa dawa uliboreka, usimamizi kutoka wilayani ukaongezeka. Kwenye vipimo vingine, uzazi wa mpango, chanjo, kurudi ndani ya siku saba, hawakuona tofauti ya maana.

Kwanini hivyo viwili tu? Nina jibu langu la mtu wa kamati. Kujifungua na SP ni vitu ambavyo mama akishafika pale mlangoni, kila kinachobaki kipo mikononi mwa nesi na kabati lake. Chanjo nchi yetu ilikuwa tayari inafanya vizuri, mlima uliobaki ulikuwa mfupi. Kurudi ndani ya siku saba kunategemea nyumbani, mila ya arobaini, mama mkwe, nauli, na hela ya zahanati haifiki huko. Kwahiyo malipo yalisukuma pale ambapo mtoa huduma ana nguvu ya kusukuma. Hii si dosari, ni taarifa ya maana sana kwa yeyote anayetaka kununua huduma: usimlipe mtu kwa matokeo ambayo hana uwezo nayo, utamvunja moyo tu.

Kilichoniuma ni kingine. Uchambuzi uliofuata wa malipo yenyewe ulionyesha kwamba vituo vilivyokuwa na dawa na vifaa vya kutosha tangu mwanzo, na vile vinavyohudumia watu wenye nafuu ya maisha, ndo vilivyolipwa zaidi kwenye mizunguko ya mwanzo. Baadae pengo lilipungua, na hilo niliseme wazi, lakini mwanzoni ilikuwa hivyo. Fikiria mantiki yake. Zahanati ya mbali, haina glovu, akina mama wanaikwepa, inafika asilimia 74 ya lengo, inapata sifuri. Zahanati ya karibu na lami, kabati limejaa, inafika 100, inapata yote, inanunua glovu zaidi. Aliyekuwa na kitu akaongezewa. Ile ngazi ya 75 ilikuwa katili bila sababu, kwasababu mama mmoja au wawili waliopitiliza kwenda kujifungulia hospitali ya wilaya mjini Bagamoyo wanaweza kuifanya zahanati nzima ikose kipimo, na huyo mama kafanya jambo sahihi kabisa maana labda alikuwa na kovu la upasuaji. Na lengo lenyewe linatokana na makadirio ya idadi ya watu wa eneo lako, makadirio yakiwa makubwa kuliko watu halisi umeshindwa kabla hujaanza.

Kama ningekuwa nauandika upya huo mkataba ningelipa kwa kila mama anayehudumiwa, kuanzia wa kwanza, bila ngazi. Na ningetanguliza hela ya vifaa kwa zahanati maskini kabla ya kudai matokeo. Huwezi kumlipa mtu kwa kukimbia wakati hujampa viatu.

Baada ya Pwani, mwaka 2015 ilianza awamu nyingine ya malipo kwa matokeo kule Kishapu, Shinyanga, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikasambaa mikoa mingine. Ila mabadiliko ninayoyaona mimi kuwa makubwa zaidi yalikuja kimyakimya mwaka wa fedha 2017/18, pale hela za mfuko wa pamoja zilipoacha kuishia halmashauri zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, vituo zaidi ya 5,000 nchi nzima. Alafu 2018 utaratibu wa mshitiri, uliojaribiwa Dodoma tangu 2014, ukaenda nchi nzima, maana yake MSD wakisema dawa hakuna, kuna msambazaji mmoja wa binafsi aliyeshindanishwa kwa ajili ya mkoa, bei zinajulikana, unaagiza kwake kwa hela ya kituo badala ya kumwandikia mgonjwa karatasi aende duka la senta.

Ukiweka hivyo viwili pamoja unaona kilichokosekana kwenye P4P. Ile robo iliyobaki kituoni ilikuwa ndogo na haikuwa na mahali pa uhakika pa kununulia. Sasa kuna hela na kuna duka.

Sisemi kwamba mambo yamekaa sawa. Mganga mfawidhi ambaye ni huyohuyo anazalisha, anachoma chanjo na anaandika rejista, sasa ni mhasibu pia, anatakiwa aingize kila risiti kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo, na intaneti ya kijijini ndo hiyo. Benki ipo mjini, kwahiyo siku ya kwenda kushughulikia hela, zahanati yenye watumishi wawili inabaki na mmoja. Sehemu nyingine wanashirikiana mhasibu mmoja anayezunguka vituo kadhaa, ni jambo zuri sana na linastahili kulipiwa kama sehemu ya huduma, lisionekane kama anasa ya utawala. Manunuzi nayo yana ngazi za vibali, na kila kibali kina mtu ambaye leo yupo kwenye semina.

Ndo maana CHF iliyoboreshwa inanipa wasiwasi kila nikiifikiria, pamoja na kwamba nilizishawishi kaya nyingi zijiunge. Ilianza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Tumbi. Gawanya, ni elfu tano kwa mtu kwa mwaka mzima. Mwananchi ametoa elfu thelathini yake ya mananasi ya Kiwangwa, kwake ni hela nyingi, na ana haki ya kukuta dawa. Ila kwa upande wa anayenunua huduma, elfu tano kwa mtu haiwezi kubeba zahanati na rufaa kwa pamoja bila serikali kuongeza mkono. Zamani kwenye CHF ya mwanzo kulikuwa na tele kwa tele, mnachochanga serikali inaweka kiasi kilekile juu, na tatizo lilikuwa ni hela hiyo ya nyongeza kuombwa na kufika kwa tabu. Wazo lenyewe halikuwa baya.

Linganisheni na upande wa wenye sauti. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia bei mpya za kitita cha mafao, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilitangaza kusitisha kuhudumia wanachama wake kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo, nchi nzima ikajua, serikali ikakaa nao mezani haraka. Sizungumzii nani alikuwa sahihi. Naangalia tu kwamba mtoa huduma akilipwa bei isiyotosha na ana uwezo wa kukataa, anakataa kwa sauti. Zahanati ya kijiji haiwezi kukataa mgonjwa, wala hatutaki ikatae. Inachofanya ni kuishiwa. Glovu zinaisha, SP inaisha, nesi anaanza kuwaambia akina mama waje na vyao, na hakuna tangazo lolote kwenye redio. Bei mbovu kwa zahanati inalipwa na mama, usiku, dukani.

Kwahiyo kwenye hii bima ya wote, kitu cha kwanza ninachotaka kukiona ni mstari unaosema watu wa msamaha watalipiwa na nani, kiasi gani kwa kila mmoja, na hela itaingia kwenye akaunti ya kituo kabla au baada. Kaya zisizo na uwezo sheria imeshasema zitagharamiwa, vizuri, sasa hicho kiasi kisiwe cha kuandikwa tu kwenye vitabu. Kitu cha pili ni muda. Malipo yakichelewa robo mwaka hospitali kubwa inakopa benki, zahanati inakopa kwa mama mjamzito.

Na kwa wajumbe wenzangu wa kamati za vituo, huku Bagamoyo na Chalinze na kwingineko, msikae kwenye vikao kusubiri soda. Mpango wa kituo wa mwaka unaandaliwa kabla ya Julai na sahihi za kamati zinahitajika. Ombeni muonyeshwe mstari wa vifaa vya kujifungulia umewekewa shilingi ngapi, linganisheni na idadi ya akina mama waliojifungua mwaka uliopita kwenye rejista ya leba, ipo pale mezani kwa nesi, na muulize, MSD wakijibu hakuna, nani anasaini kwenda kwa mshitiri na ndani ya siku ngapi. Jibu liandikwe kwenye muhtasari.